Mwongozo kamili: Namna ya kuandika nukuu ya mkurugenzi ambayo mhariri hataikata

Rasimu nyingi za taarifa kwa vyombo vya habari ninazoletewa nizipitie huanguka mahali pale pale: aya ya tatu, ndani ya alama za mtajo. Juu kuna habari nzuri yenye tarehe, mahali na takwimu. Kisha mkurugenzi anafungua mdomo: "Tunayo furaha kubwa kutangaza uzinduzi wa huduma hii, ambayo ni sehemu ya dhamira yetu ya kuwahudumia wateja wetu kwa ubora." Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya usanifu wa gazeti, na sentensi ya namna hiyo niliifuta kabla sijamaliza kuisoma. Nilikuwa na nafasi ya maneno 250, na sentensi ile haikuwa na kitu ndani.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sehemu nyingine zote za taarifa mwandishi ana haki ya kuziandika upya kwa maneno yake. Yaliyo ndani ya alama za mtajo hana ruhusa ya kuyabadilisha. Ama anayachukua yalivyo, ama anayaacha. Hapo ndipo maneno uliyoyachagua wewe yanaweza kumfikia msomaji bila kuguswa, na ndipo wengi wetu tunaweka sentensi isiyo na kazi.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Kiwanda cha maziwa kinafungua kituo cha kupozea maziwa kijijini. Wafugaji wa eneo hilo hukamua mara mbili kwa siku. Maziwa ya asubuhi hufika kiwandani yakiwa mazima, lakini ya jioni hulala bila ubaridi na kesho yake hukataliwa. Tangi la kituo litayashusha hadi nyuzijoto 4 jioni ile ile.

## Uwe na nini mkononi

- Taarifa nzima ikiwa imekwisha kuandikwa, bila nukuu. Ukianza na nukuu utaijaza habari ambazo mahali pake ni kwingine.
- Robo saa ya msemaji, ana kwa ana au kwa simu. Baruapepe haitoshi, nitaeleza sababu.
- Simu ya kurekodia, na ruhusa yake ya kurekodiwa.
- Jina lake kamili na cheo chake kama kilivyo kwenye barua za ofisi. Mhandisi aliyeandikwa "Bw." atakupigia simu kabla ya gazeti kufika mtaani.
- Takwimu zilizothibitishwa, na jina la aliyezithibitisha.
- Jina la mtu mmoja mwenye idhini ya mwisho. Wakiwa watatu, nukuu itatoka kama uji uliokorogwa na wapishi watatu.

## Hatua ya 1: Ipe nukuu kazi moja

Nani, wapi, lini, kiasi gani: hayo ni ya aya za kawaida. Nukuu ibebe kile ambacho mwandishi hawezi kukiandika kwa jina lake mwenyewe. Kwa uzoefu wangu mambo hayo ni machache: sababu ya uamuzi, hukumu ya mtu anayeijua kazi, ahadi anayokubali kubanwa nayo, kukiri kosa, au pole.

Chagua moja. Andika juu ya karatasi sentensi hii na uimalizie: "Baada ya nukuu hii msomaji atajua kwamba mkurugenzi…" Kwa kituo chetu nilimalizia hivi: "…anaona aibu kwa maziwa yaliyomwagwa, na anachukua lawama yakimwagika tena." Ukishindwa kumalizia, bado huna nukuu, na hakuna ufundi wa maneno utakaokuokoa.

## Hatua ya 2: Chagua msemaji, kisha wazuie wengine

Anayefaa ni yule aliyefanya uamuzi au atakayeulizwa mambo yakiharibika. Mara nyingi ni mkurugenzi mtendaji, lakini si lazima. Kuhusu ubora wa maziwa, meneja wa ukusanyaji anaweza kuaminika zaidi kuliko mwenyekiti wa bodi.

Tatizo la kwetu ni foleni: mwenyekiti anataka kunukuliwa, mfadhili pia, mbia pia, na mgeni rasmi hawezi kuachwa. Nimeona taarifa ya kurasa mbili yenye nukuu tano zinazosema jambo lile lile. Weka mbili tu, na ya pili isimame upande mwingine wa jambo, kwa mfano mfugaji au ofisa ugani. Waliobaki watengenezee ukurasa wa ziada wenye kichwa "Nukuu nyingine". Mwandishi anayezihitaji atazikuta, na wewe umelinda heshima bila kuiua habari.

Ukimnukuu mfugaji au mteja, mweleze kwanza maneno yake yatatumika wapi na upate ridhaa yake kwa maandishi. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Hata bila sheria, mama aliyejikuta gazetini bila kuulizwa hatakupa tena neno lake.

## Hatua ya 3: Mhoji, usimtungie

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaparuka. Ofisa uhusiano anajifungia, anamtungia bosi maneno, anampelekea, bosi anasema "sawa". Amesema sawa kwa sababu hayana madhara. Hayana faida pia.

Wakurugenzi wengi ninaowajua huzungumza Kiswahili kitamu sana wakiwa kwenye korido. Wakiambiwa tu "tunahitaji nukuu", wanavaa suti ya maneno. Kwa hiyo usimwambie unahitaji nukuu, na usimuulize "Ungependa kusema nini?" maana hilo ni ombi la hotuba. Muulize haya:

- Ni siku gani hasa uliona tatizo hili halivumiliki? Ulikuwa wapi?
- Nani hapa ofisini alipinga, na ulimjibu nini?
- Kesho ukikutana na mfugaji mmoja njiani, utamwambia nini?
- Hili likishindikana, nani alaumiwe?

Akishajibu, nyamaza kidogo. Jibu la kwanza huwa la ofisini, la pili ndilo lake. Baruapepe haitoshi kwa sababu hiyo: haina ule ukimya ambao mtu anaujaza kwa neno la kweli.

Mkurugenzi wetu wa mfano, kwa swali la kwanza, alijibu hivi kwenye rekodi:

"Aah, pale getini bwana. Unamwona mama ametembea na dumu lake tangu alfajiri, unapima kwa alkoholi, yanaganda. Unamwambia, mama, haya ya jana jioni yamechacha. Anayamwaga pale pale. Sasa mimi nimewaambia wenzangu, tangi likishakuwepo, yakiharibika tena msiniletee habari ya mfugaji. Hilo ni kosa letu."

Kila kitu tunachokihitaji kimo humo, na hakuna mtu aliyejifungia ofisini ambaye angekibuni.

Kama bosi hajui Kiswahili. Mhoji kwa lugha yake, kisha andika Kiswahili upya kutokana na alichomaanisha. Usifuate sentensi zake neno kwa neno. Baadaye mrudishie maana kwa mdomo: "Kwa Kiswahili tumesema hivi na hivi, uko tayari kuulizwa juu yake?" Nukuu zilizotafsiriwa neno kwa neno hujulikana mara moja. Utasikia "tuna shauku kubwa", "suluhisho bunifu", "katika safari yetu ya mabadiliko", na hakuna Mswahili aliyewahi kumwambia mwenzake hivyo.

## Hatua ya 4: Andika, kitu kizito kikitangulia

Chukua rekodi, toa "aah" na marudio, linda maneno yenye damu. Urefu unaotosha ni sentensi mbili au tatu, jumla ya maneno 30 hadi 50. Kiswahili chetu hubeba mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo sentensi ya maneno 35 yenye "tutakapokuwa tumekwishakuwafikishia" inamkata msomaji pumzi.

Sentensi ya kwanza isimame peke yake, maana mhariri mwenye nafasi finyu atachukua hiyo tu. Takwimu isizidi moja, na ikiwezekana isiwepo kabisa.

Rasimu ya kwanza, kabla ya mahojiano, ilikuwa hivi:

"Tunayo furaha kubwa kuzindua kituo hiki cha kisasa ambacho kitakuwa mkombozi kwa wafugaji na wadau wote wa mnyororo wa thamani wa maziwa, sambamba na kuunga mkono juhudi za Serikali katika kukuza sekta ya mifugo, na tunaahidi kuendelea kutoa huduma bora."

Baada ya mahojiano:

"Kila asubuhi tumekuwa tukimwambia mama aliyetembea na dumu lake kwamba maziwa ya jana jioni yamechacha, naye anayamwaga pale pale getini," amesema Mkurugenzi Mtendaji. "Kuanzia leo tangi liko karibu naye. Maziwa ya jioni yakiharibika tena, kosa ni letu."

Ukitoa maneno ya kumtaja msemaji, ni maneno 34. Kuna mtu, kuna dumu, kuna geti, kuna ahadi. Uwezo wa tangi na idadi ya wafugaji vimebaki kwenye aya ya pili, mahali pake.

Kitu kinachoonekana kwa macho kina nguvu hata kwa kampuni kubwa. Tarehe 9 Januari 2007, Apple ilipotangaza iPhone, taarifa yake ilimnukuu Steve Jobs akisema kwamba sote tumezaliwa na kifaa bora kabisa cha kuelekezea, yaani vidole vyetu. Nukuu ile ilikuwa pia na majigambo kuhusu bidhaa ya kimapinduzi. Majigambo hayo yangeweza kuwa ya kampuni yoyote. Vidole kila msomaji alikuwa navyo mkononi, na mimi ninachokikumbuka ni vidole hivyo.

## Hatua ya 5: Fagia maneno yaliyochoka

Pitia nukuu ukiwa na kalamu nyekundu. Haya yakikutana nawe, yafute, kisha uone kama kuna kilichopotea:

"tunayo furaha kubwa", "wadau", "mkombozi", "kinara", "huduma bora na za uhakika", "mazingira wezeshi", "kwa namna moja ama nyingine", "sambamba na hilo", "tutaendelea kuboresha".

Neno "wadau" ndilo linalonisumbua zaidi. Linafunika watu. Mdau wa maziwa ni nani? Mfugaji, dereva wa bodaboda anayebeba madumu, mama lishe anayepika chai? Mtaje, nukuu itapata uso.

Kwa mnaofanya kazi kwenye taasisi za umma: najua shukrani kwa viongozi wa juu haziepukiki, na sikushauri uzifute ukapate matatizo. Ziandike kwenye aya yake ya kawaida, nje ya alama za mtajo. Zitakuwepo, zitasomwa na wanaozitafuta, na nukuu itabaki huru kufanya kazi yake.

## Hatua ya 6: Majaribio mawili

La kwanza: usemi wa taarifa. Shuleni tulifundishwa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Fanya zoezi lile lile. "Mkurugenzi amesema kwamba amefurahi kuzindua kituo na ataendelea kutoa huduma bora." Hakuna kilichopotea, maana yake hapakuwa na nukuu. Sasa geuza ile ya pili: "Mkurugenzi amesema maziwa ya jioni yakiharibika tena, kosa litakuwa la kiwanda." Habari imebaki, ila lile "kosa ni letu" limepoa. Kupoa huko ndiko unakokutafuta. Ukisikia kitu kimepoa, mhariri naye atakisikia, na ataiacha nukuu ndani ya alama zake.

La pili: redio. Isome kwa sauti, umesimama, mara moja, bila kujiandaa. Ukijikwaa, mtangazaji wa taarifa ya saa mbili usiku atajikwaa pia, na yeye hatarudia. Vunja sentensi pale ulipojikwaa. Msomee pia mtu asiye wa ofisi yako, kisha muulize dakika kumi baadaye anakumbuka nini. Akikumbuka dumu, umefika. Akisema "walikuwa wanashukuru", rudi Hatua ya 3. Kurudi Hatua ya 4 hakutasaidia, maana kilichokosekana ni malighafi.

## Hatua ya 7: Iweke mahali pake

Aya ya tatu hufaa: habari imeshaeleweka, msomaji yuko tayari kusikia sauti ya mtu. Jina kamili na cheo vitokee mara ya kwanza tu, baadaye jina moja linatosha.

Tumia "amesema". Inatosha. "Amesisitiza", "amebainisha", "amefafanua" na "ameongeza" zikifuatana aya kwa aya zinamfanya msemaji aonekane kama yuko jukwaani. Fungua na funga alama za mtajo kwa uangalifu. Nimewahi kuona alama ya kufunga ikisahauliwa, na maelezo ya ofisa uhusiano yakachapishwa kama maneno ya mkurugenzi.

## Hatua ya 8: Idhini, na mwanasheria

Usimnukuu mtu kwa maneno ambayo hajayaona yakiwa katika umbo lake la mwisho. Mpelekee nukuu peke yake, nje ya taarifa, na umwombe ajibu kwa maandishi: "Nimekubali." Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi uutunze.

Nililipia somo hili. Zamani, kwenye kazi moja, bosi aliidhinisha "tutajaribu kumaliza mwezi wa Juni". Niliona "tutajaribu" ni dhaifu, nikaandika "tutamaliza". Juni ilipita. Wateja walikuja mapokezi na kipande cha gazeti mkononi, na bosi alikuwa na haki ya kuniuliza nani alisema vile. Ukibadilisha hata neno moja baada ya idhini, idhini imekufa, omba nyingine.

Mwanasheria akitaka kuikata nukuu, usimpinge na usimwachie kalamu. Muulize ni neno gani hasa linalompa hofu. Kwa mfano wetu, hofu yake ilikuwa kwamba mfugaji atakayeleta maziwa yaliyochacha tayari nyumbani atadai fidia. Hofu hiyo ni ya haki. Tukaandika: "Maziwa ya jioni yakishaingia kwenye tangi letu yakaharibika, kosa ni letu." Ahadi imepata mpaka, nguvu yake imebaki. Angeachiwa kalamu, angeandika "kampuni itazingatia taratibu zilizopo".

Onyo kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam au la Nairobi: habari inayoweza kugusa bei ya hisa ina utaratibu wake wa kutolewa. Maneno kama "faida yetu mwaka huu itapita ya mwaka jana" yasitoke ndani ya nukuu ya uzinduzi kabla ya anayesimamia utaratibu huo kuyapitisha.

## Ikiwa ni ajali au msiba

Mpangilio hubadilika. Pole inatangulia, kisha kilichokwishafanyika, kisha kinachofuata na saa yake. Waliofariki waitwe wenzetu au watu. "Tukio hilo" pekee linawafuta. Msemaji asijizungumzie kabisa.

Tarehe 30 Mei 2010, wiki kadhaa baada ya mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon uliowaua wafanyakazi 11 katika Ghuba ya Mexico, mkuu wa BP wakati huo, Tony Hayward, aliwaomba radhi walioathirika. Kisha, kwa pumzi ile ile, akasema angependa arudishiwe maisha yake. Ilibidi baadaye aombe radhi kwa kauli hiyo. Radhi ya kwanza ilikuwepo, ila sentensi moja ya "mimi" iliifunika yote.

Kwa hiyo katika rasimu ya msiba, pigia mstari kila kitenzi kinachoanza na "ni-" au "tu-" na uulize kinamhudumia nani. "Tumesikitishwa sana" inatuhudumia sisi. "Tumefika kwa familia zote nne asubuhi hii" inawahudumia wao, ikiwa ni kweli mmefika.

## Hatua ya 9: Itume ikiwa hai

Usitume picha ya karatasi yenye muhuri peke yake. Mwandishi aliye na simu tu hawezi kunakili maneno kutoka kwenye picha. Ataichapa upya na kukosea, au ataiacha. Yenye saini na muhuri iende pamoja na maandishi yanayonakilika.

Ongeza kipande cha sauti cha sekunde 20, mkurugenzi akiisema nukuu ile ile kwa mdomo wake, amerekodiwa chumba kisicho na mwangwi. Redio za mikoani na za jamii hazina mtu wa kumtuma kwako, na sauti ni chakula chao. Kurekodi kuna faida nyingine: bosi akishindwa kuitamka nukuu yake bila kusoma, mmegundua tatizo mapema.

Siku inayofuata, nunua magazeti na usikilize matangazo. Angalia ni sentensi ipi ilichukuliwa, ipi iligeuzwa kuwa usemi wa taarifa, ipi ilitupwa. Ziandike kwenye daftari moja, tarehe kwa tarehe, na ulibebe daftari hilo siku utakayokwenda tena kuomba robo saa ya mkurugenzi.